Mlima Umevaa Nguo, Nani Ameuona?

Dada yangu hawezi kuimba peke yake. Sauti anayo, tena ya kumwamsha mtu aliyelala ng'ambo ya bonde, ila nyimbo zake ni za kuuliza na kujibiwa. Anatupa swali, ananyamaza, mwenzake anajibu. Mwenzake huyo alikuwa mke wa kaka yetu. Tangu aolewe kwetu Oldeani, wifi ndiye aliyemjibu dada kwenye harusi, kwenye sherehe za kuwaaga mabinti, hata shambani wakichuma kahawa wawili tu.

Wimbo wao uliopendwa kuliko zote dada aliutunga kwa Kiiraqw kwanza, halafu akautia Kiswahili ili na wageni wa upande wa bwana harusi wapate neno. "Mlima umevaa nguo, nani ameuona?" Nguo ni wingu. Kwetu wingu likishuka mpaka kiunoni mwa mlima, watu wanakimbia kuanua maharage. Anayejibu anataja alikokuwa alipouona: "Mimi nimeuona, nikiwa kisimani." Mara nyingine nikiwa jikoni, mara nyingine nikiwa kwa mume wa mtu, kutegemea kama wazee wameshaondoka au bado wapo.

Utamu wa wifi ulikuwa kuchelewa. Swali likishatupwa, hajibu. Anarekebisha kitenge, anamtazama bwana harusi kuanzia viatu kwenda juu, anawasubirisha watu mpaka wapishi wanasimama na miiko mkononi. Ndipo anaingia. Niliwahi kumwona mchungaji ameshika soda mdomoni amesahau kumeza.

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja Karatu mjini, na kurasa za mitandao za loji ziko chini yangu. Kazi yenyewe ni kupandisha picha za tembo. Kwa sababu hiyo, kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu wa mitandao, na sijawahi kumkatalia mtu cheo hicho. Lakini mtaalamu hasa alitoka Arusha, kijana mwenye ndevu zilizochongwa, akaja kuwapa wasanii wa Karatu semina. Nilimsindikiza dada kwa sababu mimi ni mtu wa kutaka kujua mambo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikimuuliza mkunga anatoka wapi.

Mengi aliyosema yalikuwa ya maana. Tumia jina moja kila ukurasa. Weka namba ya simu mahali panapoonekana. Pandisha kitu mara kwa mara, watu wasikusahau. Wajibu wanaokuandikia. Usingoje video ya gharama wakati simu unayo mkononi. Dada alitikisa kichwa kwa kila neno. Mwisho kijana akasema, "Na kimya ni sumu. Mtu akikutana na kimya anapitisha kidole, umeshampoteza." Dada akatikisa kichwa kwa hilo pia.

Basi akaenda studio. Prodyuza akausikiliza wimbo, akauliza hizi nafasi katikati ni za nini. Akaziziba kwa kinanda, na majibu akamwambia dada ayaimbe mwenyewe, yatawekwa juu ya sauti yake ya kwanza. Wifi hakuitwa. Siku hiyo alikuwa na mtoto mgonjwa, na dada akaona kutomwita ni jambo dogo.

Wifi aliusikia dukani, kwenye spika ya mwenye duka, sote watatu tumekwenda kununua sukari. Dada anauliza, dada anajibu. "Nikiwa kisimani," jibu lake wifi, kwenye mdomo wa mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umetoka vizuri, wifi. Hauna hata pa kupumulia." Akachukua sukari yake akatangulia.

Haukupita muda kaka akapata shamba la kukodi Baray, kule chini kuelekea Ziwa Eyasi, wakahamia kulima vitunguu. Kila dada alipompigia wifi kuhusu harusi, vitunguu vilikuwa vinataka maji. Dada akashuka mwenyewe kumwangukia. Alipewa chai, akachinjiwa kuku, akafungiwa gunia la vitunguu. Neno la wimbo hakupewa. Kila alipolianza, wifi aliinuka kwenda kuangalia jiko.

Na ule wimbo wa studio? Ulipanda mtandaoni ukakaa hukohuko. Waliotazama ni sisi ndugu na wenzake wa kwaya. Kwenye harusi dada akawa anakuja na flashi yenye majibu ya studio. Yeye anauliza kwa mdomo, spika inamjibu. Watu walicheza kwa adabu. Siku moja, baada ya sherehe, nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda, gauni lake la kuimbia bado mwilini, akaniambia, "Mimi nimejifukuzia mtu." Niliona anaogopa kweli, kwamba wifi hataimba naye tena mpaka wazikane. Iliniuma. Na nisiseme uongo, ilinishangaza pia. Nilijiuliza inawezekanaje ukoo ukagawanyika kwa sababu ya kimya kifupi namna ile, kitu ambacho hata hakina maneno.

Asubuhi moja ya mapumziko yangu nilikuwa kwake, na wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye msitu. Nikamwambia asimame pale penye kahawa, mlima uwe nyuma yake, nimrekodi. Akaimba swali. Halafu akanyamaza. Nilidhani amesahau maneno, nikaendelea kushikilia simu. Macho yake yalikwenda upande wake wa kulia, chini kidogo, kwa kuwa wifi ni mfupi na siku zote alisimama upande huo. Jogoo wa jirani akawika. Pikipiki ikapanda kilima, ikalalamika, ikapotea. Dada alisubiri muda uleule ambao wifi angemsubirisha, kisha akaendelea na ubeti wa pili, kana kwamba amejibiwa.

"Hapa katikati nakata," nikamwambia.

"Usikate."

"Dada, watu watadhani bando limeisha."

"Wadhani. Hapo ni pa mtu. Nilishapajaza mara moja, nikakiona."

Nikapandisha hivyohivyo, nikiwa na kinyongo cha kitaalamu. Wa kwanza kuandika akauliza, "Mama, mtandao umekata?" Wa pili akasema sauti imepotea. Nikawajibu kwa hasira, maana hasira ninayo na siifichi: "Haijapotea. Anasubiri ujibu wewe."

Kesho yake mmoja akajibu kweli. Kuna mahali unabonyeza, video yako inakaa kando ya video ya mwenzako, mnaonekana mko pamoja. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, mikono ina povu la sabuni. Dada alipouliza na kunyamaza, yule akaingia: "Mimi nimeuona, nikiwa kwa mama mkwe." Halafu akageuka haraka kutazama mlangoni kama amesikiwa. Nilicheka peke yangu pale mapokezi mpaka mgeni akasahau alichofuata.

Baada yake wakaja wengine. Dereva wa lori akauona akiwa kwenye foleni ya mzani. Mwanafunzi akauona akiwa kwenye mtihani, "na jibu silijui." Kijana mmoja wa Malambo, ng'ombe wamejaa nyuma yake, akaimba kwa lafudhi yake ya Kimaasai kwamba yeye ameuona, "lakini huu wangu unatoa moshi," maana mlima wa kwao ni volkano. Wakawa wengi kuliko waliowahi kuwatazama tembo wangu. Meneja akaniita akaniuliza kama dada anaweza kuja kuimba mbele ya tembo.

Nilikuwa nawachunguza. Sikuweza kuacha. Kila nafasi niliyopata, kati ya mgeni anayetaka maji ya moto na mgeni anayetaka lanchi boksi, nilifungua nikatazama mwingine. Wanatafuta nini watu hawa? Wimbo wa studio ulikuwa safi kuliko huu, hauna jogoo wala pikipiki, na hakuna aliyeugusa. Nikarudia kuusikiliza nikaona kwamba mle ndani hawakuwa na kazi yoyote. Kila kitu kilishafanywa.

Ile namba ya simu ambayo kijana wa Arusha alisisitiza iwekwe nayo ikaanza kuita. Harusi Mbulu, sherehe ya kumuaga binti hapahapa Karatu, kanisa linalozindua kengele. Haki yake apewe, kwa namba alisema kweli. Dada alikubali baadhi, akaiacha flashi nyumbani, akawaachia watu ukumbini wajibu wenyewe. Nikaona amechangamka. Lakini kila nilipofika kwake alikuwa na neno moja tu: "Mwingine?" Ninamwonyesha, anatabasamu, anaushusha uso. "Mwingine?" Siku ile ya kijana wa Malambo ndipo nilipoelewa kwamba hahesabu watu. Anatafuta uso mmoja.

Ulikuja Jumapili, tumetoka kanisani, tuko jikoni kwake tunamenya viazi. Ukurasa ulikuwa wa kaka, ule wenye picha ya pampu ya maji badala ya sura yake. Nikabonyeza. Video ilikaa upande uleule ambao macho ya dada yalikuwa yanatazama. Wifi amesimama kwenye matuta ya vitunguu, jembe mkononi, gambuti za kaka miguuni. Dada kwenye video akauliza, "Mlima umevaa nguo, nani ameuona?" Akanyamaza.

Wifi naye akanyamaza. Akaliegemeza jembe. Akarekebisha kitenge. Nikadhani mtandao umekwama, nikapeleka kidole kugusa kioo, dada akanipiga mkono. "Mwache! Ndivyo anavyoingia."

Kisu cha viazi kilikuwa kimesimama hewani. Wifi akatazama nyuma yake, na nasi tukatazama, na hapo ndipo nilipouona mlima wetu kwa upande ambao sijawahi kukaa nikautazama, mrefu, mkavu, wingu limebaki juu kabisa.

"Mimi nimeuona," akaimba, "nikiwa mgongoni kwake."

Machozi yalinitoka, sikujali viazi. Lakini wifi hakuwa amemaliza. Aliichukua sauti akaishusha, akatupa swali lake mwenyewe, ambalo halikuwa kwenye wimbo: "Na huko usoni, nani amebaki?" Kisha akanyamaza, akatutazama, mpaka video ikaisha.

Dada aliweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye sketi ya kanisani, akatoka nje, akasimama penye kahawa na kuuelekea mlima. Hakujibu mara moja. Alirekebisha kilemba chake kwanza, taratibu, jirani akatoka mlangoni kuangalia kuna nini. Ndipo akajibu kwa sauti yake yote kwamba yeye amebaki.

Simu ilikuwa mkononi mwangu, ina chaji ya kutosha. Sikubonyeza kitu.