Zamu ya Nyati wa Sabato

Sabato Capaldo alichunga nyati wa maziwa wa tajiri mmoja, bondeni kwa mto Sele, tangu hajaota ndevu. Nyati wale walikuwa na madaha yao. Hakuna aliyetoa hata tone la maziwa mpaka aitwe jina lake kwa wimbo, na kila mmoja aliijua zamu yake. Sinyora kwanza, kisha Mjane, kisha yule aliyeitwa Majirani Wanaona, wengine wakifuata. Ukimruka mmoja, wa nyuma yake hainui mguu.

Septemba ile ya vita, Wamarekani waliposhuka ufukweni, Sabato aliwaficha nyati kwenye matete ya mto. Kesho yake viwele vilikuwa vimejaa hadi wakawa wanalia.

"Acha niwakamue," alimwambia mkewe, Nunziata.

"Una wazimu wewe? Kwa kuimba? Wajerumani wako pale kiwanda cha tumbaku!"

"Mjerumani na nyati wapi na wapi?"

"Haya, imba basi, tukuzike na ndoo yako."

Akaimba. Watatu wa kwanza wakatoka kwenye matete hadi uwanjani. Ndiyo kwanza ameinama chini ya Sinyora, ardhi ikatetemeka. Vifaru vya Wajerumani vilikuwa vinashuka kandokando ya mto kuwarudisha Wamarekani baharini, na mizinga ya meli zao ikaanza kuvijibu. Sabato akajitupa mtaroni.

"Rudini! Rudini, mbwa nyie!"

Wapi! Nyati aliyeitwa haondoki hajakamuliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafunza hivyo, kwa fimbo. Walisimama palepale wakimngoja, mpaka makombora yakawaangukia. Uchungu ule usimpate mtu.

Jioni vifaru vilirudi nyuma, vingine vikiachwa vinaungua shambani. Nunziata alimkuta mumewe amekaa kando ya mizoga. Kule kwenye matete waliobaki walikuwa wanalia kwa maumivu.

"Waite, Sabato."

"Siwezi."

"Mimi nimejaribu, hawanitaki. Waite, mume wangu, tutawapoteza na hawa."

Sabato akajifuta uso kwa kofia, akasimama.

"Sinyoraaa," akaimba. Akangoja kwa muda ambao nyati hujikokota kutoka matopeni. "Mjaneee." Akangoja tena. Nunziata akageukia pembeni, kitambaa cha kichwani kakiuma kwa meno. "Majirani Wanaonaaa." Akangoja vilevile.

Alipoliita jina la nne, matete yakatikisika.