Pango la Kuazima

Nimehama miji mingi mno, kiasi kwamba nikiota nyumba huwa ni mchanganyiko wa vyumba vya mahali mbalimbali. Duka moja la Kibondo ndilo hunijia kama lilivyokuwa: misumari ndani ya madebe, vumbi la saruji, na ukutani kalenda kuukuu ambayo mwenye duka hakukubali kuibandua ingawa mwaka wake ulikwisha zamani. Ilikuwa na picha ya mlango wa hekalu uliochongwa kwenye mwamba, nguzo nene, na giza nyuma yake.

Nilianza kazi pale mwaka 2012, nikiendesha pikapu ya mizigo kati ya Kibondo na Kasulu. Mwenye duka alikuwa Mhindu wa miaka sabini na kitu, aliyefiwa na mkewe, aliyezaliwa palepale Kibondo. Kiha chake kilinyooka, na wateja wakimwita Mhindi alijibu, "Mimi Muha. Nilitiwa maziwa tu, kama chai."

Bibi yake alitoka kijiji cha India kilicho chini ya hekalu lile la kwenye kalenda. Siku za mvua, wateja wakiwa hawaji, mzee alinisimulia. Ndugu watano wa ukoo wa kifalme walinyang'anywa nchi yao kwa mchezo wa kete uliojaa hila, wakafukuzwa porini. Pale Kibondo, penye kambi za wakimbizi, habari ya watu waliofukuzwa kwao haikuhitaji maelezo. Wakiwa mafichoni walitaka kumjengea mungu wao Shiva nyumba, lakini walikuwa na usiku mmoja tu: jogoo akiwika, lazima waondoke wasije wakaonekana. Wakatoboa mwamba, wakachonga nguzo moja baada ya nyingine. Walipofika ya mwisho, jogoo akawika kabla ya wakati. Nguzo ile mpaka leo haijakamilika, nusu yake bado ni jabali.

"Nani alimtuma awike mapema?" niliuliza.

"Bibi alisema ni Shiva mwenyewe. Nyumba ikimalizika, fundi harudi tena."

Mwaka uleule binti yake aliyekuwa Dar es Salaam alipata uchungu wa siku mbili, na simu zikawa zinaleta habari mbaya juu ya mbaya. Mzee alisimama mbele ya kalenda akaweka nadhiri: mama na mtoto wakipona, atakwenda mwenyewe kuwasha taa ndani ya pango lile. Walipona. Lakini kabla hajafunga safari moyo wake ukaanza kumsumbua, na daktari akamkataza safari ndefu. Nadhiri ikabaki ukutani.

Mwaka 2014 binti akapata mimba nyingine. Mzee aliacha kula mchana. Nilidhani ni ugonjwa wake, mpaka siku moja nikiwa napakia mabati aliponiambia, "Nitamwombaje tena? Ya kwanza sijaitimiza."

Nikasema lolote lililonijia. "Kwetu Heru Juu kuna pango."

Aliweka kalamu chini. "Lina mwenyewe?"

"Shangazi yangu."

Nilijuta papo hapo. Shangazi, dada yake baba, alikuwa wa ukoo unaosema na ardhi. Kila mara kabla ya kupanda alipeleka uji wa ulezi mlangoni mwa pango, kwa mzimu anayelala humo, na kuyaombea mashamba ya watu. Mimi nilikulia kanisani, na tangu utotoni sikuwa nimekanyaga pale. Isitoshe, mzee aliogopa jambo jingine: je, taa iliyoahidiwa pango moja inaweza kuwashwa katika jingine? Na mzimu wa pango la pili akikasirika, atamkasirikia nani kama si yule mjamzito?

Hata hivyo alitaka kujaribu, tukaenda Jumamosi. Tulilala Kasulu kwa sababu ya moyo wake, asubuhi tukaendesha taratibu hadi barabara ilipoishia. Shangazi alikuwa anapepeta maharage. Mzee alivua viatu, akainama, akapiga makofi ya salamu, viganja vimekunjwa kidogo, taratibu, kama wafanyavyo wazee wetu.

"Mwakeye," alisema.

Shangazi akaweka ungo chini. "Huyu umemtoa wapi? Wewe mwenyewe umesahau kupiga makofi, unaletewa ustaarabu na mgeni."

Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Huyo wako anakula nini?"

"Nazi, maziwa, maua. Nyama hapana."

"Basi hawatagombania chakula. Wangu anataka uji."

Pango lilikuwa nyuma ya mashamba ya mihogo, mdomo wake hauzidi kimo cha mlango wa jikoni. Sikupata nafasi ya kuonya chochote. Kwao mtu huingia hekaluni akigonga kengele, ili mungu ajue amefikiwa. Kwetu huingiwa kimya, kwa sababu mwenye pango hulala mchana. Mzee akatoa kengele ya shaba mfukoni akaigonga mara tatu.

Popo walitoka kama majivu yaliyopulizwa. Nilijikuta nimelala katikati ya mihogo. Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama palepale, kengele imemganda mkononi. Alikuwa anamtazama shangazi, na nilijua anamwona binti yake.

Shangazi akakung'uta kanga yake.

"Ameshaamka," alisema. "Sema naye upesi, kabla hajalala tena."

Mzee akaingia. Alimimina samli katika kibakuli cha udongo, akawasha utambi. Mwanga ulipopanda niliona kuta mbovu, zenye mikunjo, hazijaguswa na patasi ya mtu yeyote. Alizitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu masika.

"Hapa jogoo aliwika kabla hawajaanza."

Alisema maneno yake kwa Kigujarati, shangazi akasema yake kwa Kiha, kila mmoja upande wake wa taa. Kisha nazi ikapasuliwa, maana kwao kilichotolewa hekaluni lazima kiliwe na wote waliokuja. Shangazi hakuwahi kuonja nazi. Alitafuna sana. "Mungu wenu ana meno," alisema, akanyoosha mkono apewe kipande kingine.

Njiani kurudi mzee alilala kitini, mdomo wazi, akakoroma juu ya makorongo yote mpaka Kibondo. Sijawahi kufurahia mkoromo wa mtu kama siku ile.

Simu ilikuja baada ya wiki kadhaa, dukani pamejaa watu. Alisikiliza, akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Wazima," alisema. "Wote wawili. Uchungu ulikuwa wa saa moja tu." Mteja aliyekuwa anasubiri bawaba akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata.

Wiki hiyohiyo nilipeleka nazi mbili Heru Juu. Shangazi alizipokea kama mtu aliyekuwa anazingojea.

"Mwambie aje tena," alisema. "Ila kengele aiache dukani."

Mwaka 2015, kabla sijahama, nilipita Heru Juu kuaga. Kibakuli cha udongo kilikuwa bado pangoni, kimesuguliwa, na ndani yake mlikuwa na uji wa ulezi.