Nguzo ya Nesi Fuatino

Saa mbili asubuhi, ndani ya nyumba ya kamati ya akina mama, Fuatino Lemisio anamning'iniza mtoto mnene kwenye mizani. Mtoto anarusha mateke. Bibi mmoja anawapita akina mama walioketi mikekani na kujipenyeza mbele, kikapu cha magimbi ya taro mkononi.

"Daktari, mwangalie mjukuu wangu, usiku kucha analia!"

"Nesi, bibi," anajibu Fuatino bila kugeuka.

"Haya, nesi. Lakini taro hizi nilimchimbia daktari."

"Basi mpelekee mjini. Mimi nitakula ndizi."

Akina mama wanaangua kicheko. Bibi naye anacheka, kisha anakitua kikapu miguuni pa nesi.

Kwa miaka ishirini na miwili Fuatino amekuwa muuguzi pekee wa Fagalelei, kijiji cha pwani kisiwani Savai'i. Nyumba za mbali huzifikia kwa miguu, mkoba begani. Huku kila anayeshika sindano huitwa daktari, awe muuguzi, mkunga au mfamasia. Watu humaanisha heshima.

"Zamani nilikuwa naitika," anasema kwa sauti ya chini. "Ni jina tamu. Sikuona ubaya wake mpaka mzee Vaofusi alipokaribia kufa kwa sababu ya jina hilo."

Mzee Vaofusi ni chifu wa ukoo mkubwa. Mwaka jana kidonda cha kisukari kilianza kuula mguu wake. Fuatino alikisafisha kila siku, lakini vidole viwili vikawa vyeusi. Akamwambia avuke kwa feri hadi hospitali ya mjini, akaonwe na daktari wa upasuaji.

"Daktari wetu si huyu hapa?" mzee aliwauliza wanawe. "Nivuke bahari nikakatwekatwe na vijana nisiowajua?"

Wanawe wakakubaliana naye. Homa ikapanda.

Siku iliyofuata Fuatino aliingia katika nyumba ya mzee, nyumba isiyo na kuta, wazee wa ukoo wakiwa wameketi kila mmoja kwenye nguzo ya cheo chake. Mzee alikuwa amelazwa katikati. Nguzo yake ilikuwa tupu. Fuatino akaenda akaketi, akaiegemea.

"Niliona nyuso zinabadilika," anakumbuka. "Lakini sikuinuka."

"Wewe binti, umerukwa na akili?" mdogo wa mzee alifoka. "Inuka hapo!"

"Kwani kuna nini, baba? Niiteni chifu tu, kama mnavyoniita daktari."

Mzee mwenyewe aliinua kichwa. "Cheo hiki hakiokotwi njiani. Ukoo mzima ulikaa, ukanichagua, nikatawazwa mbele ya watu."

"Na udaktari ni hivyo hivyo, baba. Una waliousomea na kukabidhiwa. Mimi nilikabidhiwa uuguzi, na ninakaa kwenye nguzo yangu bila aibu. Mguu wako unamhitaji mtu wa nguzo nyingine."

Ndipo mke wa mzee akasema kutoka nyuma, "Umesikia, baba Ioane? Au tukuchagulie mrithi leo leo?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Jioni hiyo alikuwa ndani ya feri, nesi pembeni yake.

Vidole viwili vilikatwa. Mguu ulibaki.

Fuatino alimpelekea mkeka mzuri wa kuombea radhi kwa kuikalia nguzo yake. Mzee aliupokea, maana kosa ni kosa, kisha akamrudishia mwingine mzuri zaidi.

"Watu hudhani kusema 'mimi ni nesi' ni kujishusha," anasema Fuatino akikunja kitambaa cha mizani. "Daktari alimkata mzee vidole kwa siku moja. Kidonda nilikiuguza mimi mpaka kikafunga. Hiyo kazi ina jina lake, na nalipenda."

Sasa kijiji kinajenga zahanati mpya, ya nguzo kama nyumba zote. Fuatino anataka kila nguzo ichongwe cheo cha atakayehudumu hapo: muuguzi, mkunga, na daktari atakapokuja kutembelea. Mwakani anakusudia kusomea uuguzi wa wagonjwa wa kisukari. Nguzo ya kwanza imeshachongwa. Mchongaji ni mzee Vaofusi.

Nje, mama aliyechelewa anakuja mbio na mtoto mgongoni. "Daktari! Daktari, nisubiri!"

"Nesi!" foleni nzima inamjibu kwa pamoja, na sauti nzito kuliko zote ni ya mzee anayepita barabarani na fimbo yake.

"Naam," anaitika Fuatino, na kunyoosha mikono kumpokea mtoto.