Mweka Hazina na Nahodha Wake

Abdullatif bin Ziyad hakuwahi kucheza mpira. Utotoni, wenzake walipokuwa uwanjani, yeye alikuwa dukani kwa baba yake, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, akipima mchele na kusikia kelele za magoli kwa mbali. Pengine ndiyo maana alipoombwa kuwa mweka hazina wa Nyangumi, timu ya mji, alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Mkewe Jokha husema mumewe ameoa mke wa pili, na huyo wa pili ana miguu ishirini na miwili.

Kazi yake hupamba moto ligi inapolala. Watu hudhani mpira ukisimama kila kitu kimesimama. Wachezaji wamekwenda kwao, mashabiki wanabishana vijiweni nani asajiliwe na nani atemwe, na Abdullatif yuko nyuma ya kaunta na kikokotoo chake, anahangaika kuingiza mguu mkubwa kwenye kiatu kidogo. Mfadhili wa timu ameweka kikomo: mishahara yote ya msimu isivuke kiasi alichokitaja, ikivuka anajitoa. Wanakamati wanalijua hilo vizuri. Husema, "Sheikh Abdullatif atapanga," kisha huenda zao kunywa kahawa.

Mwaka huu mipango iligoma. Wachezaji wengi walikuwa bado ndani ya mikataba. Waliomaliza ni watatu: kipa kijana wa Vigwaza, winga kijana wa Mkange, na Mosi Rajabu, beki na nahodha. Nafasi iliyobaki chini ya kikomo iliwatosha vijana wawili, au Mosi peke yake. Kwa hesabu, na hata kwa mpira wenyewe, jibu lilikuwa wazi. Mosi alishavuka miaka thelathini, na goti lake la kulia halikuingia tena uwanjani bila bendeji.

Lakini kulikuwa na Fatiha. Msimu uliopita mishahara ilichelewa, wachezaji wakataka kugoma, na Mosi ndiye aliyewatuliza. Siku hiyo Abdullatif alimshika mkono mbele ya timu nzima, akasema, "Msimu ujao nafasi yako ipo, mwanangu." Wakainua viganja, wakasoma Fatiha, wakapangusa nyuso. Mkataba wa karatasi huvunjwa kwa karatasi nyingine. Fatiha haina kifungu cha kuivunja. Ahadi ni deni, na mweka hazina mzima alikuwa amekopa asichokuwa nacho.

Alihangaika, tumpe haki yake. Alimwomba mfadhili aongeze kidogo, akakataliwa. Akataka kumlipa Mosi kutoka mfukoni mwake, akaambiwa hiyo nayo itahesabiwa kuwa mshahara. Mwisho akakata shauri: Mosi ataachwa, lakini ataambiwa mapema, uso kwa uso, dirisha la usajili lingali wazi, ili apate timu nyingine. Ulikuwa uamuzi mchungu, na wa haki. Laiti angeutekeleza.

Ijumaa baada ya swala alikwenda Kaole, nyumbani kwa Mosi. Akakuta majamvi yametandikwa na watu wamejaa barazani. Ilikuwa hitima ya marehemu baba yake Mosi, na yeye hakuwa na habari.

"Shikamoo, Ami!" Mosi alimkimbilia. "Nani amekwambia? Karibu, karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, na tayari alikuwa amekalishwa mahali pa heshima.

Bi Biubwa, mama yake Mosi, alitoka mwenyewe na sinia la pilau. "Ndugu yangu Abdullatif, Mungu akulipe," alisema. "Mwanangu huyu umri umeanza kumtupa mkono, lakini wewe hukumtupa."

Mosi akaja na birika kumnawisha. "Ami, juzi wamenipigia watu wa Tanga," alisema kwa sauti ya chini. "Wanataka beki mzoefu. Nimewashukuru, nikawakatalia. Nimewaambia mimi na Ami yangu tulisoma Fatiha."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Wapigie tena, uwakubalie: maneno yasiyozidi hayo. Lakini sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wetu, na tumeupa jina zuri, tunauita adabu. Tunaona haya kumpa mtu habari mbaya huku tunakula chakula chake, mbele ya mama yake, siku ya hitima ya baba yake. Kumwacha aangamie hatuoni haya.

"Tutazungumza, inshallah," alisema Abdullatif, akamega tonge.

Kesho yake aliona simu si njia ya kumpa mtu mzima habari kama ile. Baadaye akasikia mtoto wa Mosi ana homa, akaona si wakati wake. Kila siku ilikuja na udhuru wake, na kila udhuru ulivaa kanzu ya heshima. Dirisha likafungwa. Majina ya kikosi kipya yakatangazwa, na Mosi akaonyeshwa na shabiki mmoja kwenye simu, gengeni, alipokwenda kununua nyanya.

Alikuja dukani asubuhi, akaamkia, akabaki amesimama.

"Siku ile ya hitima, ulikuwa unajua, Ami?"

"Nilikuwa najua."

"Na habari ya Tanga uliisikia."

"Niliisikia."

Mosi aliinamisha kichwa. Abdullatif alitamani atukanwe, maana tusi lina jibu lake. "Kuniacha ungeniacha tu," Mosi alisema mwishowe. "Mpira ni kazi, nisingekulaumu. Sasa nakuomba moja. Mama asijue. Nimemwambia nimechoka mwenyewe, nimeacha kwa hiari yangu. Akijua ni wewe, ataumia."

"Nimekusikia, mwanangu."

Mosi akaenda zake, na Abdullatif hakuuza kitu asubuhi ile. Wateja waliita hodi wakachoka.

Wiki ile ile simu ya Bi Biubwa ikaingia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Ndugu yangu, nimekupigia kukuomba radhi. Mwanangu amekuvunjia Fatiha. Wewe umemshikia nafasi yake, yeye anasema amechoka! Nimemsema mpaka nimechoka, hanijibu, ananiangalia tu. Usimwapize, Abdullatif. Msamehe kwa ajili yangu."

Abdullatif alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale pale, na ahadi aliyompa Mosi ilikuwa pale pale, na safari hii hakujua hata ipi ilikuwa adabu na ipi ilikuwa woga.

"Nimemsamehe, dada," alisema.

Bi Biubwa akamshukuru sana, akamwombea umri mrefu.