Njia ya Kupitia Dukani

Mabati ya ujenzi yalipigwa mbele ya nyumba yetu asubuhi, na kufikia jioni mama yangu alikuwa mfungwa. Walichimba mtaro ukapita chini kabisa ya kibaraza chetu, wakatuwekea ubao mmoja wa kuvukia. Ubao ulipoishia palibaki upenyo kati ya bati na ukuta, ambao hata mimi niliupita kwa ubavu, mkoba nimeuweka kichwani. Eti hiyo ndiyo njia ya waenda kwa miguu. Mama ana magoti mabovu na anatembelea fimbo. Vibarua, vijana wenye adabu zao, walijitolea kumbeba mgongoni, akawaambia yeye bado hajawa gunia la mchele.

Wakati huo dada yake alikuwa mgonjwa Buguruni. Alikuwa anakula na kutembea vizuri tu, ila akili ilikuwa inamwondoka, na kila ikiondoka inamchukua mtu. Alishamsahau mkwewe, akawasahau wajukuu. Mama alikuwa bado hajasahauliwa. Binamu yangu alipiga simu: "Mama mdogo, anakutaja kila asubuhi. Njoo sasa, usingoje."

Na njia ilikuwepo! Hilo ndilo lililonichemsha damu. Duka la jirani, pale kona, lina milango miwili: mmoja uko jirani na kibaraza chetu, upande wetu wa mtaro, na mwingine unatokea mtaa wa pili ambako hawajachimba. Ukipita katikati ya vitenge, umeshatoka. Wapangaji wenzetu wote walikuwa wanapita humo na ndoo zao na watoto wao. Mama peke yake ndiye aliyekwama, kwa sababu aliapa.

Mwenye duka ni Mwarabu aliyezaliwa mtaa huu huu, mama alimwona akitambaa. Zamani alikuwa na mtindo wa kupanga marobota ya vitenge nje, njia yote ya miguu, watu tunashuka barabarani kugombania nafasi na magari. Siku moja pikipiki ilimkosakosa mama. Alikwenda kusimama mlangoni kwa yule bwana na kusema, mtaa mzima unasikia: "Wallahi, dukani kwako sikanyagi tena mpaka nazikwa!" Jirani aliyaondoa marobota wiki ile ile. Kiapo kikabaki.

"Pita leo, kafara ya kiapo utatoa kesho," nilimwambia.

"Mimi si mtu wa kula maneno yangu," alinijibu. "Nalisha kwanza maskini kumi, ndipo nipite."

Kufunga badala ya kulisha hakuweza, kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Basi nikangoja apike. Mara mchele huu si mzuri, mara leo mawingu, mara magoti. Nilijua haikuwa dini iliyomzuia, ilikuwa ni aibu. Aliogopa atakavyotazamwa na yule jirani. Alishinda kibarazani ameelekeza uso kwenye bati, joto linamrudia, vumbi linamwingia, na mimi nyuma yake nilitaka kulia na kumgombeza kwa pamoja. Nilianza kulichukia hata lile bati, kama vile ndilo lililoapa.

Siku binamu aliposema kwamba mgonjwa ameanza kuwachanganya hata wanawe wa kuwazaa, mama aliinuka akapika pilau. Sasa maskini atawatoa wapi, naye hatoki? Akawaita vibarua kumi wa mtaroni. Walikula wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia kwenye shimo.

"Mama, leo kuna shughuli gani?" mmoja aliuliza.

"Kuleni tu, wanangu."

Nilikwenda kuchekea jikoni. Alikuwa anawalisha hao hao waliomfungia njia.

Kesho yake alivaa baibui, akasimama kwenye mlango wa pembeni wa duka. Alipiga hodi.

"Karibu, mama. Shikamoo," alisema jirani, ameshasimama.

"Marahaba."

Marobota yalikuwa yamesogezwa kando, katikati kuna njia pana ya mtu na fimbo yake. Njia ilipofika nusu, kilikuwa kimewekwa kiti cha plastiki. Jirani alikifuta kwa mkono wa kanzu, maana kilikuwa na vumbi.

"Nilikuwekea tangu siku walipoanza kuchimba," alisema.

Mama alikaa kidogo. Hakuwa amechoka, lakini alikaa. Kisha tukatoka mtaa wa pili, tukapanda bajaji.

Buguruni tulimkuta dada yake kwenye mkeka, amechanwa nywele vizuri. Alimtazama mama kwa makini, akampa mkono wa kumpokea mgeni.

"Umetoka wapi, mwenzangu?"

"Kariakoo."

"Kariakoo! Mdogo wangu anakaa huko huko. Wamemfungia njia, maskini, hana pa kupita. Ukimwona mwambie namngoja."

Mama alilaza fimbo chini, akakaa kando yake, hakuuachia ule mkono.

"Nitamwambia," alisema.