Siku Niliyoshika Kata ya Bibi

Siku niliyomtoa bibi yangu kata ya maji mkononi naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu, mwanangu, haikukosa vituko. Nimeikumbuka tena juzi hapa Lupaso, na aliyenikumbusha ni mjukuu wangu Neema.

Neema yuko chuo kikuu. Anasomea uzee. Elimu hiyo ina jina refu la kizungu, ameniambia mara tatu, na mara tatu nimeitikia ndiyo nikalisahau palepale. Mimi naiita elimu ya uzee. Baba yake, ambaye ni mwanangu wa tatu, aliposikia aliweka mikono kiunoni akatoa ile sauti yake ya kusomea matangazo kanisani: "Neema, wenzako wanakwenda chuo kusomea uhasibu, wanasomea udaktari. Wewe unasomea vikongwe?" Nikamwambia, baba, na wewe uko njiani unakuja, mwache mtoto aijue njia mapema. Akaondoka anajikuna kipara.

Basi Neema amekuja likizo na karatasi. Mwezi ujao anapelekwa kwenye makazi ya wazee kufanya mazoezi ya kazi, na kabla ya hapo anatakiwa amhoji mzee mmoja wa nyumbani. Mzee mwenyewe ndiye mimi. Akakaa mbele yangu, akakaza shingo, sauti ikageuka ikawa ya redio. "Bibi, je, unaweza kuvaa nguo mwenyewe?" Nikamjibu siku nyingine naivaa nguo, siku nyingine nguo inanivaa mimi. "Je, unaweza kula mwenyewe?" Nikamwambia alete kuku tuone. Alicheka, akaandika. Halafu akauliza kama nahitaji msaada wa kunywa maji.

Hapo nikanyamaza. Akadhani sikusikia, akarudia kwa kupaza sauti, kama mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya bonde. Nilisikia, mwanangu. Ila nilikuwa nimeshakwenda Newala.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi. Shule niliijua kwa nje, kwa kupita. Mama yangu alinipandisha Newala kwa mama yake, yaani bibi yangu, nikamsaidie, maana mzee alikuwa ameanza kuchoka na pale nyumbani alibaki na mjomba, na mama mdogo tuliyemwita Mama Salome, aliyekuwa na mtoto mchanga. Nilikwenda kwa majivuno. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na kanga mpya, na mchungaji alikuwa amenisifu mbele za watu kwamba nina moyo wa huduma. Mtu asikusifie moyo mbele za watu ukiwa na miaka kumi na sita. Unavimba.

Newala ya wakati ule, huko juu kulikuwa na upepo, mihogo, mikorosho na watu. Maji yalikuwa chini bondeni. Tulishuka alfajiri kwa kijia cha ukingoni, tukarudi jua likiwa utosini, debe kichwani, shingo imezama mabegani kama ya kobe. Ninyi mnafungua bomba, mnaliacha linatiririka huku mnaongea na simu. Haya, endeleeni.

Maji yakifika nyumbani, hakuna aliyeyagusa. Yalimiminwa kwenye mtungi uliokaa karibu na mlango, na pembeni ya mtungi, juu ya kigoda, alikaa bibi na kata yake ya kibuyu. Yeye ndiye aliyegawa. Haya ya kusongea ugali. Haya ya kumwogeshea mtoto. Haya ya kuku. Wewe umekunywa asubuhi, ngoja kidogo. Mjomba, mwanaume mzima mwenye ndevu, alisimama mbele ya mama yake na kikombe mkononi akisubiri, na ole wake aonyeshe haraka. Mgeni akiingia, shikamoo yake ya kwanza ilikwenda kwenye mtungi, kwa sababu hapo ndipo alipo mwenye nyumba.

Bibi alikuwa na ndonya, lile pambo la mti la wanawake wa Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, maneno yake yalizunguka kidogo kabla ya kutoka, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kimakonde hasa. "Ntoto huyu," alikuwa akisema akinitazama nakunywa, "anakunywa kama ardhi ya Desemba." Nilimwiga nyuma ya nyumba mpaka Mama Salome akajishika mbavu. Kuiga watu nilianza zamani, sijajifunza uzeeni.

Ila mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Akichota kata nzima, robo inamwagika njiani. Siku hiyo nilikuwa nimeteleza kwenye kupanda, goti limechubuka, na nusu ya debe nilikuwa nimeimwaga kwenye mawe. Nilichofikisha nilikifikisha kwa machozi. Bibi akachota, mkono ukamchezea, kata nzima ikaenda chini. Ardhi ikanywa, chwaa, kwisha.

Nikanyoosha mkono nikaichukua kata. Sikumfokea, ningemfokea labda angenichapa kofi yakaisha. Nilimwambia kwa sauti ya asali, ile ya moyo wa huduma: "Bibi, wewe umeshafanya kazi sana. Pumzika. Mimi nitakupimia." Nikamshika kwapani, nikamwinua kwenye kigoda, nikampeleka akakae kwenye mkeka nyuma ya nyumba, penye kivuli.

Jamani, nilisifiwa. Mjomba alitoa sauti yake nzito ya kwenye pipa: "Huyu ndiye mjukuu. Mzee sasa atapumzika." Majirani wakasema nina bahati ya mbinguni. Nikakaa kwenye kigoda, nikapima maji, halimwagiki hata tone. Wageni wakaanza kunisalimia mimi kwanza, wengine wakasahau kabisa kwenda nyuma.

Kila siku nilikwenda nikamuuliza, "Bibi, nikuletee maji?" Akasema ametosheka. Nikimwekea kikombe, jioni nakikuta kimejaa, nakirudisha mtungini, nafurahi moyoni kwamba bibi hana matumizi makubwa. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Nilifurahi.

Wiki zikapita. Bibi akaanza kuniita kwa jina la mama yangu. Halafu akawa anaita watu waliokwisha kuzikwa. Midomo ilimpasuka kuzunguka ndonya. Akisimama anayumba, chakula anakisukuma. Na sisi wote pale nyumbani tulikuwa na jibu moja: uzee huo. Mjomba uzee, Mama Salome uzee, na mimi wa juzi nikaitikia, uzee. Mjomba akatuma salamu kwa mama yangu Lupaso kwamba ajiandae kuja, mzee anaondoka.

Asubuhi moja hakuamka vizuri. Mjomba akampakia kwenye baiskeli, mimi nikashika mgongo, tukampeleka zahanati. Mganga alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nyembamba, anaongea kama anahesabu vidonge. Akamtazama bibi ulimi. Akavuta ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili, akaiachia, ngozi ikabaki imesimama vilevile. Akauliza nani anampa mzee huyu maji. Mjomba, kwa fahari yake yote, akanionyesha mimi.

Yule mganga akasema polepole, "Huyu haumwi uzee. Huyu ana kiu."

Mwanangu, nimezika mume, nimezika watoto wawili, lakini maneno mawili ambayo sijaweza kuyazika ni yale. Ana kiu. Na mshika kata ni mimi.

Walimtia maji kidogo kidogo kwa kijiko, siku mbili, macho yakarudi. Siku ya tatu akanijua, akaniita kwa jina langu mwenyewe. Nikamwangukia, nikalia, nikamuuliza kwa nini hakusema. Hapa siwezi kumuiga, nimejaribu miaka yote na sauti haiji, basi nasema tu alivyosema.

"Nimezaa watoto saba, wote nimewanywesha kwa kata ile. Ndani ya nyumba yangu sijawahi kumwomba ntu maji. Nianze na wewe?"

Tukamrudisha nyumbani. Mimi nikachukua kata nikamwekea mapajani. Akaisukuma. Akasema apewe mwenye mikono. Kesho yake vilevile. Mjomba akaanza tena, sauti ya kwenye pipa, kwamba mzee amekataa, tumlazimishe kikombe. Mama Salome, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akanivuta pembeni akaniambia, "Umemtoa kata mbele za watu. Unamrudishia mafichoni?"

Siku iliyofuata nilishuka bondeni kama kawaida. Niliporudi, yadi ilikuwa na watu, majirani waliokuja kumpa bibi pole. Nikamimina maji mtungini. Nikatoa kigoda nikakiweka pale pake, nikaleta beseni la kufulia nikaliweka chini, kati ya kigoda na mtungi. Halafu nikaenda nyuma nikampigia bibi magoti, midomo imenikauka kwa kupanda, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani: "Bibi, nina kiu. Naomba maji."

Kuku walipita, mtoto wa Mama Salome akalia akanyamaza. Ndipo akaninyooshea mkono nimwinue.

Alikaa. Akachota. Mkono ukatetemeka, robo ya kata ikamwagika, ikaangukia kwenye beseni. Akalitazama lile beseni, akanitazama mimi. "Kumbe una kichwa," akasema, "kilikuwa kinabeba debe tu." Watu wakacheka, na mimi nikanywa. Akamgawia mjomba, akawagawia wageni, akawagawia kuku yale ya kwenye beseni. Mwisho akachota yake. Alikunywa kata mbili na nusu, na sisi wote tumesimama tunamtazama koo linavyopanda na kushuka, kama watu waliokuja kuangalia ngoma.

Aliishi misimu mingine minne ya korosho, na kata aliishika mpaka wiki ya mwisho.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, wewe unayesomea uzee, na wewe usiyesoma ila una mzee nyumbani. Ukimkuta mzee na kitu mkononi, ufagio, jembe, kata, ufunguo wa stoo, usimtoe kwa haraka hata kama moyo wako ni mzuri. Uliza kwanza kile kitu kinamfanya awe nani pale nyumbani. Mkono ukitetemeka, tafuta beseni. Na akikwambia ametosheka, usimwamini upesi. Kaa naye, kunywa naye, uone kikombe kimeisha. Tena siku nyingine uwe wewe wa kumwomba yeye kitu, hata kama unacho. Wazee huko uendako, Neema, watakuwa wametolewa kwenye nyumba zao na kazi zao zote, wamekalishwa penye kivuli. Tafuta kila mmoja alikuwa anagawa nini.

Na mtu akisema "uzee huo", mwambie akaangalie tena.

Basi nenda salama. Mungu akufungue macho kabla hajakufungulia vitabu. Akupe mguu wa kupanda na kushuka, na mume anayejua kunyamaza. Akufikishe huku niliko mimi na meno walau mawili, akili yako yote, na mjukuu mmoja mwenye adabu wa kupiga goti na kukwambia, bibi, nina kiu.