Meno ya Plastiki na Daftari Langu la Alama

Sijasoma udaktari, nimesoma simu. Mtoto wa dada yangu alipozaliwa niliona lazima nyumba yetu ya Bariadi iwe na mtu anayejua, na kwa kuwa hakuna aliyejitokeza, nikajiteua. Nilifungua daftari la kuzipa alama video za afya ya watoto. Koti jeupe, alama tatu. Kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, tatu. Sauti tulivu, mbili. Mandhari safi, mbili. Mistari nilipiga kwa rula, na mmoja ukipinda nilichana ukurasa mzima.

Mama alipokuja kutoka Nkololo kutusalimia, alipapasa ufizi wa mtoto kama anavyofanya kwa wajukuu wote, akasema ana meno ya plastiki. Kwetu wengi wanaamini kuna meno meupe, laini, yanayoleta homa na kuhara mpaka yang'olewe. Nilimpa mhadhara.

"Mayu, hayo ni mambo ya zamani."

"Haya, mwalimu," akasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Siku ya tatu mtoto, miezi saba tu, akaanza kuhara. Nikaingia kazini. Kufika adhuhuri nilikuwa nimetazama video kumi na moja. Ya mwisho ilinikamata: koti limenyooka, kipimo shingoni, sauti kama ya mtu anayebembeleza. Nikampa daktari huyo tisa. Moja nilimnyima kwa sababu pazia nyuma yake lilikaa upande. Alieleza kwa upole kwamba mtoto wa umri huu akihara ni meno ya nailoni, ndiyo hayo hayo ya plastiki, yatolewe mapema.

Nilikimbia uani. "Dada, inabidi ang'olewe meno."

Mama akaitazama video mpaka mwisho. "Si ndiyo niliyokwambia mimi?"

"Huyu ni mtaalamu, mayu."

"Kumbe nilikosa koti tu."

Dada hakucheka. Mtoto alikuwa begani kwake, midomo mikavu, analia bila machozi. "Nyie wawili mkishakubaliana, hapo ndipo naogopa," akasema, akijifunga kanga. "Naenda zahanati. Hilo daftari libebe au liache."

Nililibeba.

Muuguzi alimfungua mtoto mdomo, akatuonyesha vinundu vyeupe. "Haya ndiyo meno yake, yanajiandaa kutoka. Mkiyachimba mtamuumiza bure." Akagusa utosi uliobonyea, akavuta ngozi ya tumbo kidogo, na uso wake ukabadilika. "Ameishiwa maji. Leo ameharisha mara ngapi?"

Aliniangalia mimi, maana ndimi niliyeshika daftari. Nikalifungua. Video kumi na moja, kila moja na alama zake.

"Mara nyingi," nikasema.

"Mara nane," dada akajibu.

Tulikaa pale mpaka jioni. Dada alimnyonyesha, na katikati akamnywesha maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, kwa kijiko, kidogo kidogo. Muuguzi aliniambia niandike kila anachokunywa na kila kinachotoka, hasa mkojo, maana ndio utakaoonyesha maji yamerudi mwilini, basi nikaandika, magotini, bila rula. Kila baada ya muda niligusa kanga aliyofungwa mtoto. Kavu. Nikagusa tena. Kavu.

Saa kumi na moja jioni dada alishtuka, akajiangalia mapajani. Mtoto alikuwa amemkojolea. Niliandika saa, mistari yote imepinda.

Dada akachungulia. "Umempa ngapi?"

"Kumi," nikasema.